Miruku Havuti Kamba

Umegeuza uso. Usinikatalie, nilikuona kupitia tundu za pua ya ile sura ya mbao ya Miruku niliyoivaa, ambazo hazioni mengi lakini hazijapata kumsingizia mtu. Ulikuwa umeketi juu ya ukuta wa matumbawe, mwishoni kabisa, pale mpapai ulipoinamia njia. Miguu inaning'inia, fundo la majani mkononi, kaimati shavuni. Kamba ilipoanza kuteleza kwenda mashariki ukatazama bahari. Bahari ilikuwa na nini? Haikuwa na kitu. Ulitazama bahari kwa sababu bahari haikuambii njoo ushike.

Sikulaumu ili uinamishe kichwa. Vichwa vilivyoinama nimeviona vingi, havijasogeza hata mkokoteni. Nakulaumu kwa kuwa siku ile ilikuwa nzuri mno. Ngoma zilikuwa nzuri, jua lilikuwa limekaa vizuri, hata mbwa walikuwa na furaha, na wewe ukachagua kuwa mtazamaji wa bahati yako mwenyewe. Tena nakulaumu kwa kuwa pale sikuruhusiwa kusema. Haya unayoyasoma ndiyo maneno niliyoyameza siku ile. Yamekaa tumboni yakachachuka. Kunywa.

Mimi sisahau, huo ndio ugonjwa wangu. Shule niliiona kwa nje tu. Nilichojua nilikijua kwenye mabango, kwenye magazeti yaliyofungia karanga, na kwa watu waliokuwa wakisubiri. Nakumbuka kila foleni. Nakumbuka sauti ya kila mtu aliyesema “bahati yako mbaya” huku akifunga dirisha, na nakumbuka kwamba kila mmoja wao alikuwa amekwisha kula. Ndiyo maana nimezunguka katika dunia hii isiyo na jina nikiuliza swali moja tu, mpaka wengine wananiita kwa swali hilo badala ya jina langu: bahati ni ya nani? Kama ni upepo, mbona una anwani? Mbona unaijua njia ya nyumba zilezile, na ukifika kwetu unapotea kama mtu aliyetumwa na mtu asiyetaka tumpate?

Nilifika kisiwani nikikimbia. Watu wenye mdomo kama wangu hufika kila mahali wakikimbia. Nyuma yangu alikuwa askari mrefu ambaye amenifukuza tangu ujana, na ambaye, nikimwangalia vizuri, ana uso wangu. Nikashika njia nyembamba ya mchanga mweupe, kuta za mawe kulia na kushoto, na juu ya kila paa simba wawili wa udongo, mmoja kaachama, mwenzake kafumba kinywa. Njia ikaishia ukutani. Hapo chini ya ukuta palisimikwa jiwe dogo, halizidi kinu. Nikakata kona. Askari hakukata. Nikasikia kishindo, kisha kimya, kisha kicheko cha mwanamke.

“Kumbe ulikuwa unaogopa kile?” alisema. “Vitu vya namna ile havijui kukata kona. Vinakwenda mbele tu mpaka vinagonga jiwe. Ndiyo kazi ya jiwe.”

Nimelifikiria sana jambo hilo tangu siku ile, ikiwa ilikuwa siku. Uovu hauwezi kukata kona. Amri hushuka moja kwa moja, barabara za wakubwa hunyooka na kupasua mashamba ya watu, risasi hainung'uniki njiani. Lakini kila kitu kilichopata kunifaa kilikuja kwa kuzungukazunguka. Chakula kilipitia kwa shangazi, habari zilipitia kisimani, mapenzi yalipitia kwa mtu niliyedhani simpendi. Huenda bahati ni mgeni mwenye adabu: haingii mahali kabla hajasalimia nyumba zote za jirani. Na sisi tumeingoja barabarani, kwenye lami, tukishangaa mbona haipiti.

Mwanamke yule aliitwa Ushi. Alikuwa ameketi uwanjani, katikati ya watu waliokuwa wakisokota mabua ya mpunga kuwa kamba nene kama ng'ombe aliyeshiba. Alinitazama juu mpaka chini.

“Mgeni, una tumbo?”

“Tumbo?”

“Simama kando nikuone. Eeh. Linatosha. Jamani, tumepata Miruku!”

Watu wakapiga miluzi ya vidole. Nikauliza Miruku ni nani, na wakanijibu wote kwa pamoja, kila mmoja akimkatiza mwenzake, hivyo nikaelewa upesi. Miruku ndiye bahati mwenyewe. Yuko ng'ambo ya bahari, katika nchi ambayo mbegu zote zilitoka, na mara moja kwa mwaka huja na mwaka mwema mikononi. Ana uso mweupe wa mviringo, tabasamu pana, masikio yanayofika mabegani, joho la njano, tumbo mbele. Hutembea polepole akipunga pepeo kubwa. Mtu aliyekuwa akiivaa sura yake ya mbao alikuwa amehama kisiwani baada ya mavuno mabaya ya mwaka uliopita. Hawezi kuivaa mtu wa upande wa Mashariki, wala wa Magharibi, maana bahati isije ikawa na shemeji uwanjani. Lazima awe mtu asiye na upande.

“Mimi nina upande,” nikasema kwa hasira. “Maisha yangu yote nimekuwa na upande.”

“Basi uuweke ndani ya tumbo,” alisema Ushi. “Na jambo moja. Miruku hasemi.”

“Hata neno?”

“Hata chafya.”

Mimi! Mimi niliyefukuzwa miji yote kwa ajili ya mdomo!

Hapo akaja mwanamke mwingine kutoka upande wa pili wa uwanja, mdogo kwa umri, mabega mapana, mikono imeparara kwa mabua. Alisimama mbele ya kamba ya akina Ushi, akashika kiuno.

“Dada! Hii ni kamba au mmesuka nywele za babu?”

“Kamado, mdogo wangu, rudi kwa mumeo,” alisema Ushi bila kuinua macho. “Mtu wa Mashariki haigusi kamba ya Magharibi kabla ya harusi.”

“Harusi yenyewe mtaiweza? Bwana harusi wetu mnene mwaka huu.”

“Na bibi harusi wetu ana mlango mpana. Wasiwasi wako wa nini?”

Uwanja mzima ukacheka, wazee kwa vijana. Nikaelezwa: kamba ni mbili, kila moja ina kitanzi kichwani. Kitanzi cha Mashariki huingizwa ndani ya kitanzi cha Magharibi, gogo likapitishwa, nazo zikawa moja. Ndiyo harusi. Kisha ndugu, wakwe na mashemeji wanavutana mpaka ngozi ya viganja itoke. Ushi na Kamado walikuwa wa tumbo moja. Kamado alizaliwa Magharibi akaolewa Mashariki, na sheria ya kisiwa ni kwamba mtu huvuta upande anakolala.

“Na nani hushinda?” nikauliza.

“Magharibi ikishinda mwaka ni mwema,” alisema Ushi. “Mtama hujaa, mvua huja kwa adabu. Mashariki ikishinda, ni njaa.”

Mimi na akili yangu ya mabango nikaona njia fupi. “Basi Mashariki si waachie tu? Kila mwaka. Mwisho wa taabu.”

Mikono ikasimama juu ya mabua. Kamado akaketi juu ya kamba, ile ile aliyokatazwa kuigusa, na hakuna aliyemkemea.

“Mwaka jana tuliachia,” alisema. “Mume wangu Zentoku ndiye aliyeleta shauri hilo, akili nyingi kama wewe. Tukajifanya tunavuta. Tulikunja nyuso, tuliguna, wengine walijipaka maji ya kisima yaonekane jasho. Kamba ikaenda Magharibi kama mtoto mtiifu. Hawa akina dada wakaanguka chali, wakashangilia, wakalewa. Mtama ukaota mrefu, mgeni. Mrefu kuliko Zentoku. Tulipopura masuke hayakuwa na kitu. Ganda juu ya ganda.” Alipuliza kiganja chake kitupu. “Mtama nao ulijifanya.”

Akakipangusa kiganja hicho pajani.

“Yakitoka matupu na mwaka huu, tunahama. Zentoku keshafunga sanduku. Liko mlangoni, kila asubuhi najikwaa nalo, naye anasema pole. Majirani zetu wote wa upande wa kisima wamekwenda ng'ambo kupogoa maua katika bustani za bwana mmoja tunayemwita Mwenye Ua. Mimi sitaki. Kaburi la watu wangu liko hapa, lina mlango mpana, na kila mwaka tunakula mbele yake kama tulioalikwa. Nani atakula nao? Maua?”

“Kwa hiyo leo utavuta kwa nguvu zako zote,” nikasema, nikijaribu kuelewa, “dhidi ya shamba lako mwenyewe?”

“Ndiyo. Na hawa wavivu wanishinde. Lakini wanishinde kweli.”

Aliinuka, akampiga dada yake kofi la mgongoni, akaenda zake upande wake akiimba. Nami nikabaki na jambo lile kama mtu aliyepewa kaa la moto na hana pa kuliweka. Vitabu vyote nilivyovisoma bila jalada, hotuba zote nilizozitoa juu ya makreti, hazikuwa na sentensi ya mwanamke yule. Nilikuwa nimehubiri miaka mingi kwamba bahati ya wanyonge imeibiwa, na irudishwe. Sikuwahi kusema namna itakavyojua kwamba imerudi mahali pa kweli.

Wakanivika.

Ndani ya sura ile ni giza lenye harufu ya ubao mkavu na jasho la watu. Tabasamu liko nje. Ndani hakuna. Nilijifunza hilo kwanza kabisa kuhusu bahati: tabasamu lake limechongwa upande mmoja, na aliyemo ndani ana kiu, anaona kwa pua, na pepeo linamuuma kiwiko. Nikatembea. Polepole, Ushi alinionya, kama mtu aliyebeba maji yasiyo yake. Watoto wakanifuata wakiwa wameshika pindo la joho langu. Kina mama wakaninyooshea nafaka. Tabasamu langu likawajibu wote bila mimi kutaka.

Kisha jasho lile la ndani likaanza kukumbuka.

Nilikuwa mtu wa mwaka jana, aliyevaa sura hii akijua kwamba Mashariki wanaigiza, na akatabasamu. Nilikuwa baba yake. Nilikuwa mtu aliyeivaa mwaka wa tufani kubwa, akatembea mbele ya nyumba zisizo na mapaa, na watu wakampigia makofi wakiwa wamekaa ndani ya mvua. Nilikuwa patasi. Nilikuwa mti wenye maua mekundu, ukingoni mwa kijiji ambacho hakijaamua bado kuwa kijiji. Na nyuma zaidi, mahali ambapo wakati haujajifunza kwenda upande mmoja, nilimkumbuka Miruku mwenyewe, kama unavyokumbuka uso wa mtu aliyekubeba ukiwa huna meno.

Walikuwa wawili waliotaka kuitunza dunia, Miruku na mwenzake. Jina la huyo mwenzake silitaji, mpaka leo lina mawakili. Wakakubaliana kila mmoja aweke kijiti cha ua mbele yake, walale, na ambaye ua lake litachanua kwanza, dunia iwe yake. Ua la Miruku likachanua. Mwenzake, ambaye alikuwa amelala jicho nusu, akaliona. Akaviambia viumbe vyote kwa sauti ya upole: fumbeni macho, ni adabu kufumba macho wakubwa wanapolala. Wakafumba. Simba akafumba, samaki akajitahidi, binadamu ndiye aliyefumba wa kwanza. Yule akabadilisha maua. Miruku alipoamka alijua yote, lakini hakugombana. Alicheka, akapanda chombo, akaenda zake ng'ambo ya bahari, na shibe ikamfuata. Ndiyo maana bahati huja mara moja kwa mwaka, kama baba aliyeachana na mama, anakuja kuwaona watoto na mfuko wa peremende.

Ungegombana, bwana! Nilimwambia hivyo humo ndani, kichwa changu kikiwa ndani ya kichwa chake. Ungegombana kwanza, ungecheka kesho!

Aliyeona alikuwa panzi peke yake. Kisiwani wanasema macho ya panzi yako chini ya mbawa, kwa hiyo alipojifunika uso hakufunika kitu. Mpaka leo anarukaruka, hawezi kutulia, ana habari na hana wa kumwambia. Watu wanamwona mdudu mharibifu. Mimi ni wa ukoo wa panzi. Sasa unajua kwa nini situlii.

Nikainua macho, yaani pua, na huyo hapo. Yule wa jicho nusu, au mjukuu wake, au shati lake tu. Alikuwa akipita kando ya ukuta wa matumbawe, mwembamba, mwungwana, ua la karatasi kifuani. Ndiye waliyemwita Mwenye Ua. Mkononi alikuwa na kapu la mafundo ya majani, yale ambayo watu wa kisiwa huyafunga na kuyaweka juu ya chakula ili mizimu isikiguse. Ni kitu kizuri, kitu cha bibi zetu. Yeye aliyagawa bure.

“Shika hili, uketi,” alikuwa akimwambia kila mtu. “Bahati itakukuta papo hapo. Kuvuta kunaumiza mgongo.”

Hakuomba chochote. Alitaka tu uketi.

Na waliketi, ukutani, safu nzima! Nikawatazama: wote wa Magharibi. Mashariki hakuwagusa, wala hakuwa na haja nao. Upande unaotakiwa kushindwa unatosha kuuacha na nguvu zake. Magharibi wakiketi, Mashariki watashinda. Mashariki wakishinda, njaa. Njaa ikija, masanduku yatatoka milangoni, na bustani ng'ambo zinataka mikono. Nikafungua kinywa kulisema hilo. Nikakumbuka: hata chafya.

Kombe la pwani likapulizwa kama baragumu. Vitanzi vikaingizwa, kimoja ndani ya mwenzake, huku wanawake wakitoa maneno nisiyoweza kuyaandika mbele yako. Gogo likapita. Upatu ukalia.

“Haiya! Haiya!”

Hujapata kusikia kamba ikilia? Inalia kama meli. Vumbi likapanda, miluzi ikapaa, simba wa udongo juu ya mapaa wakaonekana kama wanasogea karibu waone. Kwa muda kidogo kamba ikasimama, na nikafurahi kama mpumbavu, nikapunga pepeo hata kwa mbwa. Kisha ikaanza kwenda. Taratibu. Mashariki.

Nilimwona Kamado mbele kabisa ya upande wake, visigino vimezama mchangani, shingo imetoka mishipa. Nyuma yake mtu mwembamba mwenye macho ya huruma. Ndiye Zentoku.

“Legeza kidogo, mke wangu,” Zentoku alimnong'oneza, lakini kunong'ona katikati ya kelele ni kupiga kelele. “Kidogo tu. Nani ataona?”

“Mtama utaona!”

“Tutashinda, Kamado. Tunashinda! Tutakwisha!”

“Vuta, mwanaume, usinitie aibu!” Na hapo hapo akainua uso kwa upande wa pili, machozi na kicheko vikishuka pamoja. “Dada Ushi! Leo umekula nini, pamba? Vuta! Unaniua kwa ushindi!”

“Navuta!” Ushi alilia kutoka ule upande wenye mapengo, ambako kati ya mtu na mtu ungeweza kupitisha mbuzi. “Wenzangu wako ukutani wanabarikiwa!”

Sijui nilitupa wapi pepeo. Najua nilikimbia, tumbo mbele, joho likinizonga miguu, masikio ya mbao yakinipiga mabegani, nikaweka mikono juu ya kamba ya Magharibi. Mabua yalikuwa ya moto. Nikavuta pumzi tayari kuvuta.

“Toa mikono!” alipiga kelele Ushi.

“Miruku havuti!” alipiga kelele Kamado, na ikawa kinywa kimoja, pande mbili. “Miruku huvutwa, mgeni we! Havuti! Ukivuta wewe, sisi tutavuna nini? Tabasamu?”

Nikatoa mikono kama aliyeshika sufuria jikoni. Hasira ikanipanda mpaka ubao wa uso ukapata joto. Nani aliyeweka sheria hii? Nguvu ninazo, upande ninao, kwa nini nisimame kama sanamu wakati nyumba ya mtu inateleza mbele ya pua yangu? Lakini nikawaza, na kuwaza kule kulikuwa kufupi kuliko ninavyokuandikia. Bahati ikiingia kamba yenyewe, na kuamua yenyewe nani ashinde, itakuwa na tofauti gani na mtu mwenye ua la karatasi? Wote wawili watakuwa wamewaambia watu: ketini. Na mimi, ambaye nimepanda makreti ya miji yote nikiwavutia watu kamba zao kwa mdomo wangu, wakanipigia makofi, wakarudi nyumbani wakiwa wamekaa ndani ya miili yao... Niache. Hayo ni yangu na askari wangu.

Asubuhi ya siku ile, nikikimbia kupita ufukweni, niliwaona wanawake wakipiga magoti, wakiita mwaka mwema kutoka ng'ambo. Huita kwa mkono, kiganja kikitazama chini, vidole vikikwangua hewa. Hata kwetu mtu huitwa hivyo. Kiganja kikitazama juu ni dharau. Waliita bahari. Daima bahari. Miaka yote bahari ilikuwa ikiitwa kwa adabu namna ile, na hakuna aliyekuwa amefikiri kuugeukia ukuta.

Niliipa bahari mgongo. Nikainua mkono wenye joho la njano, kiganja chini, nikauita ukuta.

Njooni.

Waliokuwa ukutani wakaacha kutafuna. Hawajapata kuona Miruku akiwaita wao. Mtu mmoja akatazama nyuma yake kuona ni nani anayeitwa. Nyuma yake ulikuwepo mpapai.

“Tulieni,” alisema Mwenye Ua, sauti yake ya upole ileile, ya zamani kuliko mti. “Bahati inawajia. Ipokeeni kwa utulivu. Fumbeni macho.”

Wakafumba! Ee ndugu yangu, wakafumba, safu nzima, kope zikashuka kama maduka saa ya mvua, na nyuma yangu kamba ikalia tena ikienda Mashariki, na nikamsikia Zentoku akisema pole, pole, kama anavyoliambia sanduku.

Hapo ndipo mdudu aliporuka. Sikumwita, naapa. Panzi, wa kijani, wa kawaida, alitoka kwenye nyasi akatua juu ya ua la karatasi kifuani kwa yule bwana. Akalikagua. Akaliuma. Akakaa kidogo na kile kipande kinywani, kama mtu aliyepewa chai bila sukari kwa wakwe, kisha akakitema na kuruka zake.

Bibi mmoja mnene, aliyekuwa amefumba jicho moja tu kwa kuwa la pili lilikuwa linaangalia kaimati zake, aliliona tendo lile lote. Akacheka. Kicheko chake kilianzia miguuni. Jirani yake akataka kujua kuna nini, na huwezi kutaka kujua ukiwa umefumba macho. Akafumbua. Mwingine akafumbua.

“Mama, tulia,” alisema Mwenye Ua, akiwa amefunika kifua kwa mkono.

“Nimetulia mwaka mzima, baba,” alisema bibi. “Nilifumba macho nikaota mtama. Nikaamka nikala ndoto. Hebu nisogezee hilo kapu nishuke, usije ukaniona mapaja bure.”

Alitua chini kama gunia, akatupa fundo lake la majani nyuma, akaenda akashika kamba nyuma ya Ushi. “Nani ameunyea mchanga hapa, mbona panateleza?” alisema, akazamisha visigino. Ushi alicheka mpaka akakaribia kuachia. Nyuma ya bibi akaja mwanaume na gambusi yake ya ngozi ya chatu, akaitundika kwenye mpapai. Wakaja wawili waliokuwa hawasemezani tangu ugomvi wa mpaka wa shamba, wakashika kamba bila kusemezana. Mimi niliendelea kuita, kiganja chini, mkono ukiuma, tabasamu likinifanyia kazi. Sijawahi kutoa hotuba ndefu kama ile.

Kamba ikasimama.

Imesimama. Sisemi ilisimama, maana kumbukumbu yangu, ambayo haijapata kuniangusha, inakomea hapo na haitaki kusogea. Gogo la harusi liko katikati ya uwanja, haliendi Mashariki, haliji Magharibi, linatetemeka. Vumbi liko hewani, halishuki. Sanduku liko mlangoni. Kamado amelala karibu chini kabisa, mgongo unakaribia mchanga, anavuta kweli, kila uzi wa mwili wake unavuta dhidi ya shamba lake, na anacheka kwa sauti inayofika mpaka hapo ulipo.

“Njooni mnishinde!” anasema. “Jamani, hakuna watu Magharibi? Njooni mnishinde!”

Ukuta umebaki mtupu, isipokuwa mwishoni, pale mpapai ulipoinamia njia.

Bahari haina kitu, nimeshakuambia. Yule bwana ameinama anaokota mafundo yake, hatakuzuia, mikono yake imejaa. Meza hiyo kaimati. Tupa hayo majani. Nyuma ya bibi mnene pana nafasi ya mikono miwili, mabua yake yana joto, na hakuna mtu mwingine aliyebaki wa kuijaza. Nimehesabu nyuso zote, zilizopita na zijazo, imebaki yako. Usimwonee Kamado huruma, hajakuomba huruma. Shuka. Zamisha visigino. Shika kamba umshinde, sasa hivi, kabla hajashinda.